Mlango Unaofunguka Kushoto

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: umewahi kuingia nyumba ya watu usiowajua, ukakuta kila kitu humo kimewekwa pale pale ambapo mkono wako ungekitafuta?

Usijibu haraka. Hata Shoto angeulizwa asubuhi ile angecheka tu, akavuta uzi kwa meno na kuendelea na pindo lake. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi wa miaka thelathini na sita, na jina hilo alilipata darasa la kwanza, siku mwalimu alipochoka kumhamisha kalamu kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Mkono huo huo ndio uliokuja kumlisha yeye na mama yake. Mkasi wake ulikuwa wa kushoto, wa kuagiza. Mtu akiuazima huurudisha mwenyewe bila kukumbushwa, maana mikononi mwa mwingine haukati hata karatasi.

Mama na binti walikuwa wapangaji miaka yao yote. Walishapanga vyumba tisa. Kuna kimoja kilivuja, kuna kimoja jirani alifuga mbwa mwenye kukohoa kama mtu, na hiki cha sasa mwenye nyumba alikuwa amewaambia watoke ifikapo mwisho wa mwezi, anamleta mwanawe. Ndipo Shoto alipofungua lile kopo la vifungo alimokuwa akiweka akiba ya fedha za kushona sare za shule, akamwambia mama yake, "Safari hii hatupangi. Tunanunua."

Wakaenda kwa dalali. Ofisi yake ilikuwa kibanda chenye viti viwili na ubao wa maneno matatu: KUPANGA, KUNUNUA, KUUZA. Watu walimwita Karibuni, kwa sababu akikufungulia nyumba huingia yeye kwanza, halafu hugeuka na kufungua mikono mlangoni, "Karibuni, karibuni nyumbani," utafikiri ameacha chungu jikoni.

Karibuni alikuwa na sharti lake moja.

"Mimi sisikilizi sifa wala matusi," aliwaambia siku ya kwanza. "Mtu akiipenda nyumba huitukana, eti ukuta mbaya, eti choo kidogo, ili bei ishuke. Asiyeipenda huisifu, anatafuta njia ya kuniaga. Kwa hiyo kwangu mnunuzi lazima aseme kwa mdomo wake, naitaka. Neno moja tu. Hapo ndipo natoa kalamu."

"Na akiona haya?" mama aliuliza.

"Basi abaki na haya zake, mama, nami nibaki na kalamu yangu."

Nyumba saba hazikuwafaa. Ya nane ilikuwa karibu na kiwanda cha sabuni, vyumba viwili, dirisha moja kubwa na moja la kuchungulia tu. Haikuwa na ubaya. Haikuwa na uzuri pia. Walikuwa karibu kuichukua, Shoto amekwisha hata kupima pa kuweka cherehani, Karibuni alipojikuna kisogo.

"Kuna moja zaidi. Nzuri, imara, fundi aliyeijenga hakuiba hata kiganja cha saruji. Lakini ina ulemavu wake. Nimewapeleka watu kumi na mmoja, wote wamenikimbia."

"Ina mashetani?" mama aliuliza.

"Afadhali ingekuwa na mashetani, mama, hao nawajua dawa yao. Hii imekaa kinyume. Twendeni mkaone wenyewe."

Ilikuwa saa nne za asubuhi walipofika. Nyumba ndogo ya ukuta mweupe, bati la kijani, ngazi mbili mlangoni. Karibuni akachagua ufunguo kwenye furushi lake, akauchomeka, akauzungusha. Kitasa kikagoma. Akazungusha tena. Akaweka begi chini, akashika kwa mikono miwili, akaegemea mlango kwa bega mpaka shati likachomoka kwenye suruali.

"Utavunja mkono," mama alisema.

"Mkono utapona, ufunguo ukivunjika nitalipa." Akatoa simu. "Ngoja nimpigie mwenyewe. Huwa sipendi mwenye mali akutane na mnunuzi kabla ya kalamu, wataelewana wenyewe, mimi niachwe na jua. Lakini leo nimeshindwa... Haloo, Fundi? Kile kitasa chako tena. Ndiyo, niko na wateja. Njoo mara moja, panda pikipiki."

Shoto alikuwa amesimama pembeni. Bila kufikiri, kama mtu anayechukua sindano iliyoanguka, alinyoosha mkono wake wa kushoto, akashika ufunguo, akauzungusha upande wake. Kitasa kikasema *tak*. Mlango ukafunguka polepole kuelekea upande ambao milango haifungukii.

Karibuni alibaki ameshika simu hewani. Alijaribu kupiga tena kumwambia yule mtu asije, ikaita mpaka ikakata. "Ameshapanda pikipiki. Haya, dada, umenipita ufundi. Karibu basi wewe, unikaribishe na mimi."

Wakaingia.

"Sasa angalieni," Karibuni akaanza, maana aliona afadhali aseme ulemavu wote mapema. "Swichi ya taa iko huku. Mtu akiingia usiku anapapasa ukuta mtupu. Kabati hili, milango yake inakupiga usoni. Chumba hiki cha mbele, tazameni dirisha lilivyowekwa. Pana meza ya zege imejengewa ukutani, sijui ya nini, na mwanga unakuja kutoka kulia. Mtu akiandika hapo kivuli cha mkono kinamfunika kitabu."

"Si cha kuandikia," Shoto alisema.

"Ni cha nini?"

Shoto alikuwa ameweka kiganja juu ya ile meza ya zege. Ilikuwa imesuguliwa mpaka ikateleza, kitambaa kingepita bila kukwama uzi. Ilimfika kiunoni barabara. Mtu akikatia pale kwa mkono wa kulia, ni kweli, angejifanyia giza. Akikatia kwa mkono wa kushoto, mwanga wote ungemwagika mbele ya mkasi.

"Na jiko ndilo kichekesho," Karibuni akaendelea akiwa ameshatangulia. "Sinki limewekwa chini utafikiri la mtoto. Mama mmoja aliinama hapa kujaribu, tukamnyanyua watu wawili. Na dirisha lake, oneni kizingiti kilivyokuwa kipana, tena kifupi. Hakifai kuweka hata chungu cha maua."

"Ni cha viwiko," Shoto alisema kwa sauti ndogo.

Mama yake akamtazama. "Cha nini?"

"Cha kuegemeza viwiko, mama. Mtu akichoka na mashine."

Akaenda, akaegemea. Viwiko vyake vilikaa pale kama mayai kwenye kiota. Nje palikuwa na uwanja mdogo na kamba ya kuanikia nguo, nayo ilikuwa imefungwa chini, mahali mtu mfupi anafika bila kuchuchumia. Akaitazama kamba ile bila kupepesa macho.

Maana kila kitu humo kilikuwa kimetoka kwenye maneno yake. Aliyasema miaka minane nyuma, jioni baada ya jioni, amekaa juu ya rundo la matofali mahali mchumba wake alipokuwa akijenga ghorofa la mtu. Yeye anasema, Fundi anachora kwa penseli ya bapa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Nataka dirisha la viwiko. Nataka meza ya kukatia isiyotikisika. Nataka swichi nisiyoitafuta. Na Fundi anacheka, anasema, "Wewe unataka nyumba ya mashoto." Siku moja alichomoa futi yake ya kupimia, akamwambia simama wima. Akampima kutoka sakafuni mpaka kiunoni, kutoka kiunoni mpaka kwenye kiwiko. "Wewe unapima watu kila siku," alimwambia, "nani amewahi kukupima wewe?" Hakuna. Hakuna aliyewahi. Alisimama pale akiwa amebana pumzi, na yule mwanamume mwenye vumbi la saruji kwenye kope akasoma namba mbili, hakuziandika popote.

"Mwanangu, una nini?" mama aliuliza. "Umekuwa kama umeona nyoka."

"Nyumba hii ni ya nani?" Shoto alimuuliza Karibuni bila kugeuka.

"Ya fundi mmoja ujenzi. Mtu mtaratibu sana. Huyo, nasikia pikipiki."

Pikipiki ikazima. Nyayo zikapanda ngazi mbili. Ile sauti ya viatu vizito, hatua ndefu na hatua fupi, kwa sababu aliwahi kuanguka kutoka jukwaa la ujenzi akavunjika kifundo cha mguu, Shoto aliijua kabla mwenye viatu hajaingia. Aliijua, na bado hakugeuka. Unajua ile hali ya mtu kushika kikombe kilichopasuka kwa uangalifu, akijua akikilegeza tu kitaachana? Ndivyo alivyokishika kile kizingiti.

"Karibuni, mmefunguaje?" mwanamume aliuliza kutoka sebuleni. "Kile kitasa hakimkubali mtu."

"Kimemkubali huyu dada hapa. Kwa mkono wa kushoto."

Fundi alisimama kwenye mlango wa jiko. Alikuwa amenenepa kidogo, na mvi tatu nne zimeingia kwenye ndevu. Kofia yake ya kazi ilikuwa mkononi. Alimtazama mwanamke aliyeegemea dirisha, viwiko pale pale alipovikadiria, na macho yake yakashuka mpaka sakafuni yakapanda tena, kama mtu anayehakikisha kipimo.

Halafu akakumbuka adabu. "Shikamoo, mama."

Mama alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili mbele ya tumbo. "Marahaba," alisema mwishowe, na sauti ilitoka kavu.

"Mnajuana?" Karibuni aliuliza. Akaangalia huyu, akaangalia yule. "Basi mimi kalamu yangu imekwisha," akanong'ona peke yake.

Shoto akageuka. "Habari za siku nyingi, Fundi."

"Nzuri. Na za kwako?"

"Nzuri. Nashona."

"Najua. Napita pale mara nyingine. Nakuona kupitia kwenye kioo umeinama." Akaitazama kofia yake, kama amesema zaidi ya alivyokusudia. "Sikujua ni ninyi wateja. Karibuni hasemi majina."

"Ndivyo kazi inavyotaka," dalali alijitetea.

"Ulijenga lini?" Shoto aliuliza.

"Ile miaka."

"Miaka gani? Fundi, nakuuliza vizuri. Miaka gani?"

"Ile tuliyokuwa tunaahirisha harusi." Alikuwa akiizungusha kofia vidoleni. "Mara ya kwanza nilikuwa kwenye msingi. Mara ya pili nilikuwa kwenye madirisha. Kila nilichopata kilikuja hapa. Sikutaka kukwambia mpaka nikupe ufunguo mkononi. Mama alishasema mbele za watu, siku ukiwa na mlango wako mwenyewe ndipo uje ugonge wangu. Nikasema sawa. Nitautengeneza mlango."

Mama akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na jiko.

"Na kisha ukaondoka," Shoto alisema.

"Niliondoka? Wewe ndiye uliyeniandikia."

"Niliandika nini?"

Fundi aliyasema maneno yale bila kuyatafuta, kama mtu anayetaja jina la mtoto wake. "Nimechoka kupanga. Kama huna la kufanya niambie, nijue moja."

"Ndiyo. Niliandika hivyo. Na ukanijibu, nimekuelewa, nisamehe kwa kukuchosha. Nikakaa nakusubiri, Fundi! Nikasema ameelewa, sasa atakuja. Wiki. Mwezi. Nikaenda mpaka kazini kwako, wakaniambia umehama."

"Ningekujaje wakati umechoka? Harusi tumeiahirisha mara mbili, na mara zote mbili ni mimi niliyeomba. Watu wako wameshaanza kunicheka. Halafu unaniandikia umechoka kupanga. Umechoka kupanga harusi na mimi. Mtu akikwambia hivyo unafanya nini? Unampumzisha."

Shoto alimkazia macho.

"Kupanga harusi?"

"Sasa kupanga nini?"

"Chumba!" Sauti yake ilipasuka. "Kupanga chumba, Fundi! Siku ile vyombo vyetu vilikuwa nje. Mwenye nyumba alituwekea kufuli. Nilikuwa nimekaa juu ya godoro kando ya barabara, cherehani nimeifunika shuka isinyeshewe, ndipo nikakuandikia. Nimechoka kupanga! Vyumba vya watu! Nilikuwa nakwambia uje unichukue!"

Midomo ya Fundi ilikuwa inalirudia lile neno bila sauti, kupanga, kupanga, kama mtu anayetafuna kokoto akidhani ni mchele.

Karibuni, maskini, alikuwa mtu asiyevumilia kimya. "Lakini mimi nimeliandika ubaoni miaka ishirini, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi..."

"Nyamaza wewe," mama alisema.

Karibuni akatoka nje, wakamsikia akikohoa kwenye ngazi.

"Nilikuja, hata hivyo," Fundi alisema. "Siku ya tatu. Niliulizia mpaka nikapajua mlipohamia. Nilikuwa nimeshapiga bati, mlango umeshafungwa bawaba. Nilisema hata kama amechoka, nimwonyeshe tu, halafu aamue. Nilikuja na ufunguo mfukoni."

"Hukuja," Shoto alisema.

Fundi alimtazama yule mama aliyekaa juu ya ndoo. Hakuonyesha kidole, hakutaja jina. Alimtazama tu, tena kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kidole.

"Mama?"

Mama alikuwa akifungua zipu ya mkoba na kuifunga, kuifungua na kuifunga.

"Mama, alikuja?"

"Ulikuwa umelala," mama alisema. "Ulikuwa umelia mpaka ukalala. Nikamkuta mlangoni na viatu vimejaa udongo. Nikamwambia ameshasema alilosema, mwache apumzike. Nilidhani... Yule karani alikuwa ameshaanza kuulizia habari zako."

"Karani yupi? Yule wa viatu vya kung'aa? Alikuja mara mbili, mama! Mara ya tatu akaoa jirani!"

"Sasa mimi ningejuaje!" Mama alikuwa analia, machozi yakishuka bila uso kukunjamana, kama wazee wanavyolia. "Nilikuwa nimehamishwa mara sita na mtoto mgongoni, kisha mkononi, mpaka mtoto akawa mtu mzima. Nikaona huyu anajenga nyumba za watu, atazeeka anajenga nyumba za watu, na wewe utazeeka unapanga kama mimi. Wewe nawe," akamgeukia Fundi, "kwa nini hukusema una ufunguo?"

"Hukuniuliza, mama."

"Ungesema tu!"

"Ungenikaribisha ndani, ningesema."

Bomba lilikuwa linadondosha tone moja moja kwenye lile sinki fupi, na Fundi, kwa mazoea ya kazi yake, alinyoosha mkono akalikaza. Ndipo Shoto alipoiona pete. Ilikuwa nyembamba, imechakaa kwa saruji. Haikuwa pete ya juzi.

"Una familia," alisema.

"Mke, na binti wa miaka minne."

"Hongera."

"Ahsante." Alikuwa akiitazama pete yake mwenyewe kama ameonyeshwa sasa hivi. "Ni mtu mwema. Sitaki nikudanganye, Shoto, ni mtu mwema sana. Tulikaa humu mwaka mmoja. Mgongo ukawa unamuuma kwenye sinki, akijipiga na milango ya kabati, hasemi kitu. Siku moja akaniambia, kila nikishika kitasa humu naona kama kuna mtu amesimama nyuma yangu anasubiri nitoke. Nikamwambia nitabadilisha. Nikachukua nyundo, nikasimama hapa. Nikashindwa kulivunja hata tofali moja. Tukahama. Tumepanga." Akasita, maana neno lilimkwama. "Tumepanga vyumba viwili, kule ng'ambo ya soko. Nauza hii ili nimjengee yake. Ya mkono wa kulia."

Shoto alitikisa kichwa kukubali. Alitaka kumchukia yule mke, akatafuta pa kuanzia, hakupaona. Mwanamke aliyeumwa mgongo mwaka mzima bila kusema kitu. Utamchukiaje?

Mama aliinuka kwenye ndoo, akaja akamshika binti yake mkono, ule wa kushoto. "Inunue, mwanangu," alisema haraka haraka, kama mtu anayezima moto kwa kitambaa. "Hii ni yako. Tazama, hata sinki. Hakuna mtu duniani inayemfaa ila wewe. Tumeshakosa lile, tusikose na hili. Nisamehe, lakini inunue."

"Nitapunguza," Fundi alisema. "Sema utakachoweza. Wewe nisingekuuzia hata, kama isingekuwa..."

"Usinipunguzie."

Alijitoa mkononi mwa mama yake, akatembea. Alipita kwenye swichi, vidole vikaigusa vyenyewe. Akafika kwenye ile meza ya zege, akasimama mbele yake kama mtu anayesimama mbele ya mashine, akaona mwanga wa saa tano ukimwagika kutoka kulia mpaka kwenye mkono wake, bila kivuli hata cha ukucha. Akajiona humo miaka ishirini mbele: anakata, anashona, anaegemea dirisha, anaanika nguo zake mwenyewe kwenye kamba fupi. Kila kitu kingemfikia. Kila kitu kingekuwa mahali pake, na kila siku, akiingia, mkono wa mtu mwingine ungekuwa umemtangulia kumpimia, halafu mtu mwenyewe hayupo. Yule mke alihisi mtu nyuma yake. Yeye angehisi mtu pembeni yake, na kila akigeuka, ukuta.

Na ng'ambo ya soko, mtoto wa miaka minne anakua.

Alifumbua mkono wa kulia, ufunguo umo. Alikuwa bado ameushika tangu mlangoni, ulikuwa umemwachia alama ya meno kwenye kiganja.

Karibuni alichungulia. Uso wake ulikuwa umebadilika, hata ile sauti ya biashara aliiacha kwenye ngazi. "Dada, mimi sina haraka. Mnaweza kwenda mkafikiri. Lakini kuna watu wa saa sita wanakuja kuitazama, kwa hiyo nauliza tu kama ninavyouliza wote. Unaitaka?"

Mama alimkodolea macho binti yake. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, kofia imetulia vidoleni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Ile ya karibu na kiwanda cha sabuni," Shoto alimwambia Karibuni. "Ile ya dirisha moja kubwa. Ile naitaka."

Karibuni akaingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu, akauacha humo humo.

"Mwanangu," mama alisema, "hii je?"

Shoto alimfuata Fundi pale aliposimama. Alikuwa hajamkaribia hivyo kwa miaka saba, na bado kichwa chake kilimfika pale pale, kwenye kifungo cha pili cha shati. Alichukua mkono wa mwanamume yule, akaufungua vidole, akauweka ufunguo katikati ya kiganja, akavikunja vidole tena kimoja kimoja.

"Jenga ya mkeo," alisema. "Mpime na yeye. Mwambie asimame wima, umpime."

"Shoto, nilijenga kila ulichosema. Kila neno. Sikuacha hata moja."

"Najua. Nimeona." Machozi yalikuwa yameshafika, hakuyafuta, na sauti yake ilibaki imenyooka mpaka mwisho. "Lakini yale yalikuwa maneno ya jioni, Fundi. Ya kukufanya usiondoke mapema. Nyumba sikuwahi kuitaka. Nilikutaka wewe. Hata kwenye chumba cha kupanga."